Onyo Lisiloeleweka si Onyo: Kiswahili na Safari ya Faili kati ya Kakuma na Lodwar

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Hawakuongeza, pengine kwa kuwa waliliona jambo hilo kuwa wazi, kwamba tahadhari sharti itolewe kwa maneno ambayo mwenye kutahadharishwa anayaelewa. Anayepigiwa kelele za onyo kwa lugha asiyoifahamu husikia kelele tu. Onyo lenyewe halimfikii. Hivyo ndivyo ilivyo kwa watumiaji wengi wa tarakilishi katika Kaunti ya Turkana, na kwingineko nchini Kenya, kila wanapojaribu kuhamisha faili kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi aliyekulia Kakuma na anayesomea Lodwar. Tasnifu yake imo katika flashi, chombo ambacho wanaistilahi hukiita diski mweko. Anaichomeka kwenye tarakilishi ya saiba ili aichapishe na kuiwasilisha kabla ya saa kumi. Dirisha dogo linafunguka na kumuuliza, kwa Kiingereza, kama ana hakika anataka kunakili faili hiyo bila sifa zake. Siku nyingine, katika saiba nyingine, dirisha la ukubwa uo huo linafunguka na kumwambia kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumika, kisha linamuuliza kama anataka kuifomati. Madirisha haya mawili yanafanana kwa umbo. Yote yana kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa. Hata hivyo, akilikubali la kwanza hapotezi hata nukta moja ya tasnifu yake, na akilikubali la pili faili zote zilizomo katika flashi zitatoweka machoni pake.

Ni dhahiri basi kwamba anayezoea kubonyeza kitufe cha kukubali ili shughuli iendelee ataponea la kwanza na kuangamia kwa la pili. Anayeogopa kila dirisha na kukataa kila mara ataiokoa tasnifu siku ya pili, lakini siku ya kwanza atarudi nyumbani bila kuiwasilisha, ilhali hapakuwa na hatari yoyote. Hakuna mazoea yanayoweza kumwokoa. Kinachoyatofautisha madirisha hayo ni maneno yaliyomo, na maneno ndiyo taaluma ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Makala haya yanashikilia kwamba wanataaluma hao wametumia nguvu nyingi kuzipa sehemu za tarakilishi majina na wameyapuuza maonyo yake, ilhali ni katika maonyo ambapo mtumiaji hupata hasara au kuokoka.

Kwa nini faili husafiri mfukoni

Kakuma iko kaskazini magharibi mwa Lodwar, umbali wa takribani kilomita 120, katika barabara itokayo Kitale kuelekea Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Lodwar, kando ya Mto Turkwel, ndiyo makao makuu ya kaunti na ndiko kuliko na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kakuma, kando ya laga ya Tarach, ina mji wa wenyeji na kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa karibu na kambi hiyo katikati ya muongo wa 2010.

Shughuli nyingi za kiofisi huunganisha miji hii miwili: fomu za kuomba ufadhili, nakala za vyeti, ripoti za mafunzo ya ualimu, orodha za wanafunzi, na rekodi za fasihi simulizi ambazo watafiti hukusanya nyanjani. Kutuma faili nzito kwa mtandao kunagharimu, na mtandao wenyewe hauaminiki kila mahali. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya kambi. Flashi haikuhitaji kibali. Iliweza kutiwa katika mfuko wa mwalimu, jamaa au dereva wa matatu, ikafika Lodwar bila ya mwenyewe.

Jambo hili lina uzito wa kipekee katika mjadala huu. Anayeifungua faili Lodwar huenda si aliyeiandika Kakuma. Hajui ilitoka katika tarakilishi gani, wala hajui kama mwenyewe ana nakala nyingine. Dirisha la onyo linapofunguka, anayelisoma ni mtu aliyetumwa, naye hulazimika kukata shauri kuhusu mali ya mwenzake kwa sentensi mbili za Kiingereza cha kiufundi.

Maonyo matano na maana zake

Ni vyema maonyo yanayojitokeza mara kwa mara yaelezwe moja baada ya jingine, kwa kuwa hayawezi kuandikwa upya kwa Kiswahili sanifu kabla ya kueleweka yanasema nini.

Onyo la kwanza ni lile la kunakili faili bila sifa zake. Neno la Kiingereza linalotumika hapo lina maana ya sifa na pia maana ya mali, na mtu aliyelizoea kwa maana ya pili huenda akadhani kwamba anapokonywa kitu. Ukweli ni kwamba diski ya ndani ya tarakilishi inayotumia Windows kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa faili uitwao NTFS. Mfumo huo huiruhusu faili kubeba lebo za ziada kando ya maandishi yenyewe, nazo huambatishwa na programu mbalimbali. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa zamani uitwao FAT32, ambao hauna nafasi ya lebo hizo. Tarakilishi inauliza tu kama inaruhusiwa kuziacha. Aya, majedwali na picha za tasnifu husafiri zote, na jibu linalofaa aghalabu ni kuendelea. Lipo onyo linalofanana nalo ambalo husema kwamba faili itanakiliwa bila usimbaji wake. Hilo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kufuli ya siri inaondolewa, na mwenye waraka wa siri anapaswa kusita.

Onyo la pili husema kwamba faili ni kubwa kupita kiasi kwa mahali inapopelekwa, hata kama flashi ina nafasi tele. Mtafiti wa fasihi simulizi aliyerekodi video ya ngoma ya edonga kwa saa mbili hulikuta onyo hili, akafuta picha na nyaraka nyingine ili kupata nafasi, na onyo likabaki palepale. Sababu ni kwamba katika FAT32 faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Kufuta faili nyingine hakusaidii chochote. Kinachosaidia ni kuikata video vipande viwili, au kuipanga flashi upya kwa mfumo wa exFAT baada ya kuhamisha kila kilichomo, kwa maana kupanga upya hufuta vyote.

Onyo la tatu huhusu jina la faili. Kwa kawaida Windows imehesabu njia nzima ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na jina la faili, kuwa isizidi takribani herufi 260. Mwanafunzi anayehifadhi sura ya pili ya tasnifu kwa jina linalotaja mada yote, jina la msimamizi na maneno "marekebisho ya mwisho kabisa", ndani ya folda nne zenye majina marefu vilevile, hufika kikomo hicho bila kujua. Vilevile, Windows haikubali alama kama nukta pacha, alama ya kuulizia na mkwaju katika jina la faili, ilhali mifumo mingine huweza kuzikubali baadhi yake. Faili iliyoitwa "Sura ya 2: Mapitio" katika chombo cha aina nyingine huweza kukataliwa ikifika katika tarakilishi ya saiba. Tiba ni kufupisha jina na kuondoa alama. Maandishi ya ndani hayana hitilafu yoyote.

Onyo la nne husema kwamba kuna tatizo katika flashi na kupendekeza ikaguliwe na kurekebishwa. Aghalabu hutokea baada ya flashi kuchomolewa kabla tarakilishi haijamaliza kuandika, au umeme kupotea katikati ya kunakili. Busara ni kunakili kwanza kila faili inayofunguka, ndipo ukaguzi ufanywe. Ukaguzi huo huweza kuviweka vipande vya faili vilivyopotea katika folda yenye jina FOUND.000, vikiwa na kiendelezi cha CHK. Asiyejua hilo hudhani ni takataka na kuvifuta.

Onyo la tano ndilo baya kuliko yote: diski haina budi kufomatiwa. Tarakilishi haisemi kwamba flashi ni tupu. Inasema imeshindwa kuitambua namna ilivyopangwa. Chanzo huweza kuwa kuharibika kwa mpangilio huo, tundu bovu la tarakilishi, au mfumo wa faili ambao tarakilishi hiyo haiujui. Mtumiaji anatakiwa kukataa, kuichomoa flashi, na kuijaribu katika tundu au tarakilishi nyingine. Ikiwa tayari amekubali kwa bahati mbaya, asiandike chochote kipya ndani yake. Ufomati wa haraka hufuta orodha ya faili bila kufuta data yote mara moja, na mtaalamu huenda akaokoa sehemu kubwa.

Hatari isiyokuwa na onyo

Yapo maonyo yanayoogofya bure, na ipo pia hatari inayokuja kimyakimya. Tangu mwaka 2004, kifurushi cha pili cha maboresho cha Windows XP kilipotolewa, Windows imekuwa ikiitia alama faili inayopakuliwa kutoka mtandaoni au kupokelewa kama kiambatisho cha barua pepe. Alama hiyo ndiyo inayosababisha ilani kwamba faili imetoka katika tarakilishi nyingine. Tangu toleo la Office la 2010, ndiyo pia inayoifanya faili ya Word ifunguke kwa kusomwa tu, ikiwa na ukanda wa manjano juu yake. Alama hii ni mojawapo ya zile lebo za ziada ambazo FAT32 haiwezi kuzibeba.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Waraka uliotumwa kwa barua pepe moja kwa moja hadi Lodwar hufunguka na onyo. Waraka uo huo ukipakuliwa Kakuma, ukatiwa katika flashi ya FAT32 na kubebwa kwa matatu, hufika Lodwar bila alama na kufunguka bila neno. Mtumiaji huhitimisha kwamba wa barua pepe ndio wa hatari na wa flashi ni salama. Hitimisho hilo ni kinyume cha busara, kwa kuwa waraka wa flashi umepitia mikono mingi zaidi. Kimya cha tarakilishi si ushahidi wa usalama.

Historia ya virusi inathibitisha kwamba wahalifu wameuelewa uwezo wa maneno kuliko wanaisimu walivyouelewa. Kirusi kilichoenea ulimwenguni tarehe 4 Mei 2000 kilijiita barua ya mapenzi, na jina la faili yake lilionekana kama la maandishi ya kawaida kwa kuwa kiendelezi chake cha kweli kilifichika. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa mwezi Novemba 2008, kilisambaa kwa mtandao na pia kwa flashi. Flashi yenye kirusi hicho ilipochomekwa, orodha ya machaguo ilifunguka, na ndani yake mlikuwa na chaguo lililoandikwa kwamba lingefungua folda ili faili zionekane, likiwa na picha ya folda. Kwa hakika, chaguo hilo liliendesha kirusi. Kilichoweza kumwokoa mtumiaji ni kichwa kidogo kilichokuwa juu ya chaguo hilo, ambacho kilieleza kwamba ni la kuendesha programu. Aliyetegemea picha alinaswa, na aliyeisoma orodha kwa makini aliweza kuponea. Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza maboresho yaliyozuia programu za flashi kujiendesha zenyewe katika Windows XP na Vista. Funzo la tukio hilo, hata hivyo, halijapitwa na wakati: kusoma ni kinga, na asiyeweza kusoma hana kinga hiyo.

Sarufi ya onyo

Haitakuwa kweli kudai kwamba Kiswahili hakijaingia katika tarakilishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Katika muongo huo huo Microsoft ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Kasoro ni kwamba vifurushi vya aina hiyo hutafsiri sehemu zinazotumiwa sana, na zilizosalia hubaki katika lugha ya msingi. Si ajabu basi mtumiaji akawa na menyu za Kiswahili siku zote, na siku ya msiba akazungumziwa kwa Kiingereza.

Wanataaluma nao wamekuwa wakijadili majina. Je, ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Je, ni kipanya au puku? Mjadala huo una thamani yake, lakini hakuna aliyepoteza tasnifu kwa kuiita tarakilishi kompyuta. Tasnifu hupotea kwa sentensi mbaya, na katika kujenga sentensi Kiswahili kina utajiri ambao watafsiri hawajautumia ipasavyo.

Mosi, kipo kiambishi cha masharti. Kiingereza cha madirisha huuliza kama mtumiaji ana hakika anataka kufanya jambo fulani. Tafsiri ya neno kwa neno humuuliza mtu kuhusu hakika yake, jambo ambalo halimsaidii, kwani anachotaka kujua ni matokeo. Kiswahili huyaeleza matokeo hayo kwa ufupi: "Ukiifomati flashi hii, faili zote zilizomo zitafutika." Sentensi hiyo moja inataja tendo, kitu na hasara.

Pili, zipo kauli za kutendwa na kutendeka. Onyo la Kiingereza kwamba faili haiwezi kufunguliwa halisemi kosa ni la nani. Kiswahili hutenganisha "imeharibika" na "imeharibiwa", "imefungika" na "imefungwa". Faili iliyozuiwa na programu ya kukinga virusi imezuiwa, yaani pana mkono uliotenda na huenda mkono huo ukalegeza. Faili ambayo vipande vyake vimepotea haifunguki, na kuibembeleza programu hakutasaidia. Vivyo hivyo, kusema "flashi haisomeki" ni kuitwika flashi lawama kabla ya uchunguzi. "Tarakilishi hii imeshindwa kuisoma flashi" ni kauli ya kweli zaidi, nayo humshawishi mtumiaji ajaribu tarakilishi nyingine. Mtafsiri asiyelijua jambo hili hupotosha hata kama kila neno lake ni sahihi.

Tatu, lipo suala la ndiyo na hapana. Mswahili akiulizwa "Hutaki kuhifadhi faili?" hujibu "Ndiyo" akimaanisha kwamba ni kweli hataki. Aliyezoea Kiingereza hujibu neno lilo hilo akimaanisha kwamba anataka. Watu wawili walioketi bega kwa bega katika saiba moja ya Lodwar huweza kubonyeza kitufe kimoja kwa nia mbili zinazopingana. Suluhisho ni rahisi: swali kanushi liepukwe, na vitufe vibebe vitenzi. Badala ya "Ndiyo" na "Hapana", paandikwe "Hifadhi" na "Usihifadhi", "Nakili" na "Acha".

Kwa kuzingatia hayo, onyo la sifa za faili lingeweza kusomeka hivi: "Maandishi yote ya faili hii yatanakiliwa. Lebo zake za ziada zitaachwa, kwa kuwa flashi hii haiwezi kuzibeba." Vitufe viwe "Nakili" na "Acha". Onyo la kufomati lingesomeka hivi: "Tarakilishi hii imeshindwa kuisoma flashi. Ukiifomati, faili zote zilizomo zitafutika. Ikiwa unazihitaji, ichomoe kwanza na uijaribu kwingine." Vitufe viwe "Futa zote" na "Usifute". Hapo hata aliyetumwa na mwenzake kutoka Kakuma atajua la kufanya.

Pingamizi na majibu yake

Kuna wanaoshikilia kwamba Kiingereza ndicho lugha ya shule na ya teknolojia, na kwamba mtumiaji ajitahidi kukijua. Hoja hii ina kiini cha ukweli, lakini inasahau kwamba saiba haitumiwi na wahitimu pekee. Karani wa kijiji, mzazi anayechapisha barua ya mwanawe na mfanyabiashara wa Kakuma huketi mbele ya madirisha hayo hayo. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 ikampa mlaji haki ya habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Onyo ni habari ya aina hiyo. Ikumbukwe pia kwamba onyo la sifa za faili huwatatiza hata wanaokijua Kiingereza vyema. Kosa limo katika uandishi wake tangu asili.

Wengine huuliza: je, ni Kiswahili kipi? Swali hili lina mashiko, na Turkana ndiko linakoweza kujibiwa vizuri. Kakuma kuna Mkongomani aliyekuja na Kiswahili cha Kivu, Mrundi, Msudani Kusini na Msomali waliojifunza darasani na sokoni, na Mturkana aliyekipata baada ya lugha ya mama. Neno "ghairi", ambalo simu nyingi hulitumia kwa kitufe cha kukatiza shughuli, ni la kawaida kwa mtu wa pwani. Msomaji wa bara huenda hajawahi kulitamka maishani. Sentensi itakayoeleweka kwa wasomaji hawa wote itaeleweka Mombasa, Dodoma na Bukavu. Kakuma isichukuliwe kuwa pembezoni mwa Kiswahili. Ndiyo mizani ya kupimia Kiswahili cha vyombo.

Wapo pia wanaosema kwamba simu na hifadhi za mtandaoni zitaifuta flashi. Huenda ikawa hivyo, lakini simu nazo hutoa maonyo: zinaomba ruhusa ya kufikia faili, kamera na anwani. Chombo kitabadilika, na haja ya onyo linaloeleweka itabaki.

Hitimisho

Hakuna haja ya kusubiri kampuni kubwa zitende. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuanza na maonyo haya matano. Wanachama wayaandike kwa Kiswahili, kisha wayapeleke Lodwar na Kakuma na kuwasomea watu wa asili mbalimbali. Kila msomaji aulizwe swali moja tu: ukibonyeza kitufe hiki, nini kitatokea? Majibu yakitofautiana, sentensi iandikwe upya, hata kama istilahi zake zote zimo katika kamusi. Wahadhiri nao waweza kuifanya kazi hiyo kuwa zoezi la tafsiri na la sarufi, kwa maana kauli za kutendwa na kutendeka hazitapata mfano ulio hai kuliko huu.

Matokeo yachapishwe katika karatasi moja, ibandikwe kando ya tarakilishi katika saiba na maktaba za miji hiyo miwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni tasnifu ya miaka miwili au ombi la ufadhili ambalo halitapokelewa baada ya saa kumi. Kuuziba ufa huu kunahitaji sentensi tano zilizopimwa vyema, na wenye ujuzi wa kuziandika wamo tayari katika idara za Kiswahili.